Mwimbaji Aliyekula Jikoni

Kaeni, wapendwa. Wenye watoto wadogo sogeeni huku mbele, nafasi ipo. Somo mmelisikia likisomwa, sitalirudia. Leo nataka niwaeleze habari ya mama mmoja na video yake, kisha tutaona kama inatuhusu au haituhusu.

Kulikuwa na mama mmoja, tumwite Subilaga. Alikuwa amestaafu. Miaka yake ya kazi yote aliitumia katika nyumba ya wageni, kwenye mji mdogo wa huku kwetu milimani, kando ya barabara kuu. Alianza akiwa mtu wa mapokezi, yule anayekaa mezani na daftari la wageni, funguo zimetundikwa ukutani nyuma yake. Akamaliza akiwa msimamizi wa nyumba nzima. Mumewe alikwisha kufariki, watoto wanafanya kazi mbali. Alikuwa mtu wa kanisa. Kwenye kwaya aliimba sauti ya pili, na uongozi wa akina mama aliushika vipindi viwili. Mtu wa kuheshimika. Nayasema haya mapema msije mkadhani nawaletea habari za mtu mbaya.

Mama huyu alikuwa na hadithi yake moja. Kila mtu anayo hadithi yake moja, siyo? Ile ambayo mgeni akikaa tu sebuleni, chai haijamiminwa, wewe umeshaianza. Ya Subilaga ilikuwa ya siku aliyokutana na mwimbaji maarufu. Msianze kukisia ni nani, haitusaidii. Inatosha kujua kwamba miaka ile hakukuwa na harusi iliyokwisha bila nyimbo zake kupigwa.

Alikuwa akiisimulia hivi. Ilikuwa mwaka wa tisini na nane, mwaka wa mvua zile kubwa. Gari la mwimbaji lilikwama kwenye tope, kilomita nne kutoka mjini. Akatembea kwa miguu. Akaingia mapokezi amelowa chapachapa, anatetemeka. "Na mimi," Subilaga alikuwa akisema, "nikamtazama usoni, nikamwambia, karibu baba, hapa ni nyumbani. Nikampeleka jikoni penye moto. Nikamvua koti, nikamfunika kanga yangu, nikampakulia ndizi na maharage kwa mikono yangu hii. Akala, akanyamaza. Halafu akaimba. Taratibu tu, mimi peke yangu nikimsikiliza."

Hapo akina mama huwa wanaguna. Halafu anawaonyesha ukutani. Kweli, picha ipo kwenye fremu: Subilaga akiwa kijana, na mwimbaji bega kwa bega, amejifunika kanga.

Hadithi hiyo aliisimulia harusini, akaisimulia msibani. Kwenye semina za akina mama aliitoa kama ushuhuda, mada ikiwa kukaribisha wageni. Na watu walibarikiwa. Ndiyo, walibarikiwa, sisemi uongo. Wako waliotoka pale wakaenda kuwa wakarimu kweli.

Sasa, mwaka fulani yule mwimbaji akafariki. Redio moja ikatangaza kwamba familia yake inaandaa ibada ya kumbukumbu, na inaomba watu waliowahi kukutana naye watume video fupi, zenye picha kama zipo, wasimulie. Zitakazochaguliwa zitaonyeshwa siku ile mbele ya watu wote. Subilaga alikuwa anachagua mchele. Aliuacha ungo pale pale, akajitanda kanga ya pili, akaenda moja kwa moja ofisi ya kanisa.

Katibu wa ofisi ile alikuwa mama wa umri wake, aliyezoea kompyuta tangu enzi za kuchapa barua za shule.

"Mwenzangu," Subilaga akamwambia, "nataka kutengeneza video na sijui hata inaanzia wapi."

"Ni rahisi," katibu akasema. "Si lazima tukupige wewe. Tunaweka picha zako kwenye kompyuta, kisha tunaiambia irekodi kile kinachoonekana hapo kwenye kioo. Wewe unasimulia huku unaonyesha na ule mshale mdogo. Atakayetazama ataona unachomwonyesha na kusikia sauti yako."

"Uso wangu hautaonekana?"

"Hautaonekana."

"Bora. Maana kwa meno haya, wangefikiri nimekutana na mwimbaji wa kizazi cha babu yangu."

Wakacheka. Wakakubaliana Alhamisi asubuhi.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuitoa picha kwenye fremu, ili iingizwe kwenye kompyuta. Na hapo kukawa na kitu kidogo. Fremu ile ilikuwa ndogo kuliko picha. Fundi aliyeiweka zamani alikuwa ameikunja upande mmoja ili ienee. Katibu alipoikunjua na kuinyoosha, akatokea mtu wa tatu. Mwanamke mwembamba, amevaa aproni, ameshika mfuniko wa sufuria.

Subilaga akamtazama kidogo tu. Akasema, "Endelea."

Alikuwa ameandika maneno yake kwenye daftari, kurasa nne. Katibu akabonyeza alipobonyeza, akamwambia, "Nikitoka tu, anza. Ukimaliza niite." Akatoka nje ili mwenzake awe huru. Subilaga akabaki na kompyuta. Jasho linamtoka, na huku kwetu mnajua kulivyo na baridi. Akazungumza dakika kumi na moja. Alianza kwa kujikwaa, lakini alipofika penye kanga na ndizi sauti yake ikakaa sawa, na mwisho nusura alie. Akaita, "Nimemaliza!"

Katibu akaja, akafungua video, wakasubiri. Kimya. Akaongeza sauti. Kimya.

"Uwii, mama yangu. Nisamehe. Sikuwasha kipaza sauti."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo maneno hayamo. Picha imeingia, sauti haikuingia."

Dakika kumi na moja, wapendwa, na hakuna neno hata moja! Subilaga alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Katibu akasema, "Tuitazame hivyo hivyo, tuone kama picha imekaa vizuri, kisha turudie." Wakavuta viti.

Basi wakawa wanatazama picha iliyosimama, na juu yake mshale mdogo unatembea. Hicho tu. Mshale ukaenda kwenye uso wa Subilaga kijana, ukazunguka. Ukaenda kwa mwimbaji, ukagusa, ukarudi kwa Subilaga. Ukashuka kwenye mikono ya Subilaga, ile iliyopakua chakula. Ukapanda tena usoni. Ukagusa kanga, ukarudi. Dakika ya tano, ya sita, ya saba. Mtu anapozungumza, maneno yake yanakupeleka huku na huku, huangalii mkono wake. Maneno yakiondolewa, unabaki na mkono. Na mkono ule ulikuwa unajionyesha mwenyewe.

Katibu hakuwa na nia mbaya. Hakuijua habari yenyewe zaidi ya ile iliyosimuliwa. Aliuliza tu, kama mtu anayekagua kazi:

"Huyu mama mwenye aproni ni nani? Mshale wako haujamgusa hata mara moja."

"Mpishi tu," Subilaga akasema.

"Mbona mwimbaji anamtazama yeye?"

Subilaga akaegemea mbele. Miaka yote hiyo picha iko ukutani kwake, alijua mwimbaji anatazama pembeni. Alikuwa akiwaambia watu kwamba alikuwa na aibu ya kamera. Sasa akaona alikuwa anatazama nini.

"Turekodi tena?" katibu akauliza, mkono ukiwa tayari. "Safari hii kipaza sauti kimewaka."

"Siyo leo," Subilaga akasema. "Nimechoka." Akachukua picha yake, akaenda nyumbani.

Amechoka nini? Dakika kumi na moja? Mama aliyesimama mapokezi kutwa nzima miaka yote ile?

Ngojeni niwaambie kilichotokea kweli mwaka ule wa mvua. Mwimbaji aliingia mapokezi amelowa, hiyo ni kweli. Ana tope hadi magotini, hana begi, hana dereva. Subilaga hakumtambua. Nani angemtambua? Akamwambia, "Vyumba vimejaa." Na funguo zimetundikwa nyuma yake, mtu yeyote mwenye macho angezihesabu. Yule bwana akasema hataki chumba, anaomba tu kukaa mpaka mvua ipungue. Subilaga akamjibu, "Hapa siyo stendi, baba."

Aliyetokea mlango wa jikoni akasema, "Mlete huku, kuna moto," alikuwa mpishi. Jina lake Tumpe. Kanga ilikuwa ya Tumpe. Ndizi alizipakua Tumpe. Baada ya saa mbili likaja gari jingine na watu wa bendi, wanamtafuta, na dakika hiyo hiyo mji mzima ukajua nani yuko pale. Mwenye nyumba ya wageni akaja mbio na mpiga picha. Akauliza kwa sauti, "Nani alimpokea mgeni wangu huyu?"

Subilaga akasema, "Mimi."

Neno moja. Tumpe alikuwa amesimama pale pale na mfuniko mkononi. Na mwezi uliofuata Subilaga akafanywa msimamizi, kwa sababu mwenye nyumba alisema anataka mtu anayejua kupokea watu. Tumpe aliendelea kupika chini yake miaka saba, akimwita "mama msimamizi" kila siku ya Mungu.

Ndiyo uchovu wenyewe huo.

Ijumaa hakutoka nje. Jumamosi asubuhi akaifunga picha kwenye kitambaa, akaenda kijijini kwa Tumpe, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Akamkuta anaosha ndoo za maziwa. Tumpe amezeeka, mgongo umepinda kidogo, lakini macho ni yale yale. Wakasalimiana kwa heshima zote. Akapewa kigoda. Akaletewa maziwa mgando. Hakuyagusa.

"Tumpe, dada, nimekuja kuomba msamaha."

"Wa nini tena asubuhi yote hii?"

"Wa yule mwimbaji."

Tumpe akaweka ndoo chini. "Wa mwaka wa mvua?" Akacheka kidogo, kicheko cha puani. "Ushuhuda wako nimeusikia mara nne, mama. Mara mbili nilikuwa nimekaa benchi la nyuma yako. Ile ya nne ulikuwa umeongeza kuimba."

"Hakuimba?"

"Alikuwa na mafua! Hata kuongea alikuwa anakwaruza. Angeimba na nini?"

Subilaga akainamisha kichwa. Wapendwa, mnajua jambo la kutisha? Alikuwa hajui tena kwamba hakuimba. Kuimba kule alikuwa amekusimulia mpaka akakusikia.

"Mbona hukusema kitu?" akauliza. "Miaka yote hii. Siku ile ile ungesema."

"Ningemwambia nani, na wewe umeshajibu? Halafu usidhani sikukasirika. Nilikasirika sana. Mwaka wa kwanza nilikuwa nikikuona unapita na funguo kiunoni, naongeza chumvi kwenye chakula chako."

"Nilidhani ni mkono wako ulivyo."

"Mkono wangu hauna shida. Ilikuwa hasira." Tumpe akafuta mikono kwenye kanga. "Baadaye nikaacha. Nilikuwa na watoto watatu na mume mgonjwa. Nikaona siwezi kubeba na wewe pia. Nilishakusamehe zamani, mama, bila kukuambia. Kunywa maziwa."

Subilaga akanywa. Akalia, akanywa tena. Kisha akasema lile alilokuwa amelifikiria njia nzima. "Twende tukarekodi upya. Safari hii utasema wewe. Mimi nitasema nililolifanya mapokezi, na wewe utasema ya jikoni. Watu wa familia yake wajue ni nani aliyempokea baba yao."

Tumpe akaiinamisha ndoo ikauke. Kuku wakapita. Akasema, "Sawa. Lakini nikisema, nitasema yote. Nitamtaja na mzee."

"Mzee gani?"

Tumpe akamtazama, akidhani anatania.

"Subilaga," Tumpe akasema. "Mzee gani?"

"Sijui unamsema nani, dada."

"Siku ile niliwapakulia watu wawili."

Hapa nisikilizeni vizuri. Mwimbaji hakutembea zile kilomita nne peke yake. Daraja la katikati lilikuwa limefunikwa na maji, na yeye ni mgeni, hajui pa kupita. Aliyempitisha alikuwa mzee mmoja aliyemkuta barabarani, anatoka hospitali kuchukua dawa za mkewe. Mzee yule aliweka dawa kifuani ndani ya shati, akambebea mwimbaji gitaa lake begani, akamwonyesha njia ya juu, akaja naye mpaka mjini, ingawa kwake kulikuwa upande mwingine. Waliingia mapokezi wote wawili. Waliambiwa vyumba vimejaa wote wawili. Tumpe aliwakalisha kwenye moto wote wawili, wakala sahani moja, maana sahani za wageni zilikuwa zimefungiwa kabatini.

"Halafu watu wakajaa," Tumpe akasema. "Mpiga picha akasema jiko ni dogo, hapati nafasi. Ukamgeukia mzee. Ukamwambia, 'Wewe mzee, hebu toka nje kidogo, watu wapige picha.' Akaweka tonge chini, akatoka. Na mvua ilikuwa inanyesha vile vile."

"Mimi nilisema hivyo?"

"Ulisema. Hata hukumfokea, ulimwambia kama mtu anayesogeza kiti. Mimi nilishikwa mkono nisimame kwenye picha. Ilipokwisha nikamfungia chakula chake kwenye jani la mgomba, nikakimbia nyuma yake hadi njia panda. Sikumkuta. Nikarudi na chakula mkononi. Mwimbaji alikuwa anapanda gari, akauliza, 'Mzee wangu yuko wapi?' Aliuliza mara mbili. Hamkumsikia, mlikuwa mnapiga makofi."

Subilaga akatafuta kichwani mwake. Akamtafuta mzee yule kwenye moto, mlangoni, mapokezi. Hakumpata. Subilaga alimkumbuka mwimbaji hadi vifungo vya koti lake. Mzee hakuwepo.

"Sikumbuki," akasema. "Tumpe, naapa, sikumbuki."

"Najua hukumbuki," Tumpe akasema. Na ndipo akamwambia neno ambalo ninyi mtakwenda nalo nyumbani, mkipenda msipende. "Juu yangu ulidanganya, kwa hiyo umenibeba moyoni, na leo umekuja mpaka hapa kwa miguu. Juu ya yule mzee hukudanganya. Hukumwona. Ndiyo maana yeye hujamwendea."

Wapendwa, ni lipi baya zaidi? Kumnyang'anya mtu jambo lake, au kutomwona kabisa hata usijue kwamba umemfanyia kitu? Msinijibu. Kaeni nalo.

Jumatatu wakaenda ofisini wote wawili. Katibu akawasha kipaza sauti, akakihakikisha mara tatu. Subilaga hakuwa na daftari safari hii. Akaanza: "Mimi naitwa Subilaga. Mimi ndiye niliyemwambia vyumba vimejaa." Akasema yote, hadi lile neno moja alilomjibu mwenye nyumba. Kisha Tumpe akasogea karibu, akasema ya jikoni, akasema ya mzee. Alipofika kwa mzee hawakuwa na cha kuonyesha kwenye picha, kwa hiyo Subilaga aliuacha mshale ukae tu. Dakika kumi na saba. Wakatuma.

Siku ya tatu watu wa redio wakapiga simu, Subilaga akiwa pale ofisi ya kanisa. Walikuwa na adabu, sitawasema vibaya. "Mama, picha yako ni nzuri sana, tumeipenda. Tunaomba ukate ile sehemu ya mapokezi, na ile ya mzee. Inapoteza muda, na familia wanataka kusikia habari za baba yao. Ubakize dakika mbili za jikoni, tutakuweka wa kwanza."

Wa kwanza! Mbele ya watu wote, na jina lake litatajwa. Subilaga alishika simu, akamtazama katibu, akamtazama Tumpe aliyekuwa ameleta maziwa ya kuuza, anasubiri kulipwa pale dirishani. Akasema, "Mwanangu, nimeshawahi kukikata kipande hicho. Nilikikata miaka yote. Kama hakifai, basi iacheni yote."

Wakaiacha. Ibada ya kumbukumbu ikafanyika, zikaonyeshwa video za watu wengine, ya kwake haikuonyeshwa. Alichofanya ni kuiomba kamati ya akina mama nafasi, kwenye semina ile ile ya kila mwaka alipokuwa akitoa ushuhuda, na kuwaonyesha akina mama waliomsikia zamani. Ilipokwisha hakuna aliyepiga makofi. Mmoja tu, mama mzee, aliinua mkono akauliza, "Huyo mzee alikuwa wa wapi?"

Wakaenda kumtafuta. Subilaga, Tumpe, katibu na wengine wawili. Walipita vijiji vya njia ile ya juu, Jumapili tatu mfululizo, wakitoka kanisani, wakiuliza nyumba kwa nyumba: mwaka wa mvua kubwa, mzee aliyekwenda kumchukulia mkewe dawa, akabeba gitaa la mtu. Natamani ningewaambia walimpata. Ingekuwa mahubiri matamu zaidi. Hawakumpata. Wazee wa wakati ule wengi wameshakufa, na walio hai hawakumbuki. Hadi leo hawajui jina lake, wala hawajui kama dawa zilifika zikiwa kavu.

Sasa tuje kwetu.

Sisi hapa tunajua kusimulia. Kanisa hili lina watu wa ushuhuda, Bwana asifiwe, na mimi ni wa kwanza. Tunajua kueleza tulivyosaidia, tulivyompokea mgeni mkubwa, tulivyosimama karibu na mtu anayejulikana. Wengine leo tuna simu zenye picha mia tatu za namna hiyo. Na pengine kila tunalosema ni kweli. Subilaga alikuwa amedanganya. Wewe huenda hujadanganya. Lakini nakuuliza lile aliloulizwa yeye: mzee gani? Siku ile unayojivunia, nani alitolewa nje ili upate nafasi? Nani aliacha tonge? Unaweza kutubu kwa ajili ya mtu uliyemkosea. Utatubuje kwa ajili ya mtu ambaye hukumwona? Utaanzia kumtafuta wapi, baada ya miaka ishirini na zaidi, wenyeji wote wameshazikwa?

Ni lazima aonekane sasa, akiwa bado amekaa kwenye moto.

Nami nisijifiche nyuma ya mimbari hii. Tulipozindua paa la kanisa hili mnakumbuka wageni waliokuja. Nilipiga nao picha hapo nje, nyingi. Asubuhi ile bomba lilikuwa halitoi maji, na kuna mama aliyebeba ndoo kutoka mtoni, safari sijui ngapi, ili wageni wale wanawe mikono na kula. Nilimwona kwa mbali, nikasema moyoni, huyu ana bidii. Nikageuka, nikaendelea na wageni. Wapendwa, mimi ni mchungaji wenu, na mama yule yumo humu ndani asubuhi hii, nami simjui jina.

Kwa hiyo leo sitainua mikono kuwabariki kwanza. Nitashuka hapa nimtafute, nimuulize jina. Na ninyi, kila mmoja, geuka. Siyo kwa jirani unayemjua, siyo kwa mwanakwaya mwenzako. Geuka kwa yule ambaye umekaa naye humu miaka na hujawahi kumuuliza anaitwa nani. Muulize. Akikujibu, mwambie la kwako. Tukimaliza hilo, wote, hata yule aliyesimama mlangoni, ndipo tutasimama tuombe.